Pilipili za Kwenye Madumu

Ukitaka kujua kama mgeni wa Juba ana nia ya kukaa, usimuulize. Angalia alichopanda uani. Mwenye sukumawiki anahesabu wiki. Mwenye nyanya anahesabu miezi. Lakini mwenye mche wa pilipili mbuzi, unaokula mbolea na maji miezi minne au mitano kabla ya kulipa chochote, kisha ukaendelea kuzaa mwaka wa pili na wa tatu, huyo ameshakubali moyoni kwamba hapa ndipo kwake, hata kama bado anawaambia ndugu zake kwenye simu kuwa Desemba anarudi.

Mimi nilifika 2012 nikitoka Mombasa, mwaka mmoja baada ya Sudan Kusini kupata uhuru, siku zile mabasi ya Kampala na Nairobi yalipokuwa yakishusha mafundi, wapishi na wauza vipuri kila kukicha. Nikapanga Nyakuron, si mbali na jumba la utamaduni ambako harusi na tamasha haziishi, nikafungua mkahawa wa chapati, maharage na chai. Karibu kila nilichopika kilikuwa kimepanda lori Uganda. Barabara ya Nimule, kilomita 192, ilikuwa ndiyo kwanza imemalizwa kutiwa lami, na mji mzima ulikula kwa kupitia njia hiyo moja. Pilipili nazo zilikuja hivyohivyo, zimebanana kwenye magunia, na zikifika soko la Konyo Konyo nusu yake zilikuwa zimeanza kuoza kwenye kikonyo.

Na mkahawa wa Juba bila pilipili ni heri usifungue mlango. Mteja Msudani anataka shatta mezani, pilipili iliyotwangwa na kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Dereva wa Kiganda anataka kamulari mbichi pembeni ya sahani, aing'ate mwenyewe. Mkongo anataka iliyokaangwa kwa mafuta mengi. Mimi mtu wa pwani nataka harufu kwanza, ukali ufuate, na harufu hiyo sikuwahi kuipata kwenye pilipili nyingine isipokuwa mbuzi: ile iliyojikunja kama taa ndogo ya karatasi, ya manjano au nyekundu, ukiikata chumba kizima kinajua.

Nilipokwenda nyumbani Kisauni, mama alinifungia mbegu kwenye kipande cha gazeti. Yeye hutengeneza achari ya embe na ndimu, na mbegu hizo hakuzinunua dukani. Alizikuta kwa mama mkwe wake. Hizi ndizo tunazoziita mbegu za asili: ukizipanda na ukazilinda zisichanganyike, mtoto anafanana na mama, na mjukuu anafanana na mtoto. Mbegu chotara za paketi hazina ahadi hiyo. Mwaka wa kwanza zinakupa mimea iliyonyooka kama gwaride, lakini ukihifadhi mbegu za matunda yake, kizazi kinachofuata kila mche unatoka na sura yake, na wewe unarudi dukani. Sizisemi vibaya. Anayelima ekari na ana soko la uhakika ana sababu zake za kuzinunua. Mimi nilikuwa na ua wa hatua chache na duka la pembejeo lililokuwa likifungwa na kufunguliwa kama mwavuli.

Watu wa nchi za baridi wanaandika kurasa na kurasa juu ya namna ya kuipasha joto mbegu ya pilipili. Inataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30 ndipo iamke, na mtu wa London mwezi wa Februari analazimika kununua joto hilo kwa umeme. Juba shida ni ya upande wa pili. Februari na Machi jua la saa nane linapita nyuzi 37, na udongo ulio juu juu kwenye chombo cheusi unachoma kidole. Kwa hiyo mbegu zangu huanza maisha chini ya meza ya jikoni, kwenye makopo bapa, nusu sentimita ndani ya udongo, zimefunikwa gunia lenye unyevu mpaka mche wa kwanza uchomoze shingo. Pilipili ndefu za kawaida hazichukui hata siku kumi. Mbuzi ni mkaidi, anaweza kukaa wiki tatu au mwezi, na hapo ndipo wengi humwaga kopo wakidhani mbegu zimekufa.

Kinachoua miche hapa ni kinyausi. Unalala miche imesimama, unaamka imelala, shingo imekuwa nyembamba kama uzi mahali inapotokea kwenye udongo. Ni ukungu unaopenda unyevu, msongamano na hewa iliyotuama. Dawa yake ni desturi tu. Udongo umwagie maji yanayochemka siku moja kabla ya kupanda. Mbegu zipe nafasi. Kopo litoboe chini ulikalishe kwenye beseni lenye maji kidogo, linywe kutokea chini, uso wa udongo ubaki mkavu. Bibi mmoja wa Kibari anayeishi nyuma ya ua wangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Haboba, alinitazama nikichemsha maji kwa ajili ya udongo akauliza kama nitautia na majani ya chai.

Miche ikipata majani ya kweli manne hadi sita, inahamia kwenye madumu. Ardhi ya Nyakuron ninapokaa ni nyekundu yenye kokoto, jembe linalia, lakini si kokoto zilizonisukuma kwenye madumu. Ni mwenye nyumba. Mpangaji wa Juba anaweza kuambiwa kodi imepanda Ijumaa na kutakiwa ahame kabla ya mwezi kuisha. Pilipili iliyopandwa ardhini ni zawadi kwa mpangaji ajaye. Dumu la njano la mafuta ya kupikia, la lita 20, ukilikata mdomo na kulitoboa chini na ubavuni, linakuwa shamba linalobebeka kwenye boda boda. Ndani natia udongo, mchanga wa mtoni na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, sehemu moja ya samadi kwa mbili za vingine. Samadi ikizidi utapata mti wa kupigia picha, majani tele na matunda hakuna. Nje nalivalisha gunia, kwa sababu plastiki iliyopigwa na jua huipika mizizi.

Maji tunanunua kwa pipa kutoka kwenye magari ya tangi, na kiangazi bei yake inapanda na jua. Hakuna anayemwagilia pilipili maji ya pipa kwa moyo mweupe. Yanayokwenda kwenye madumu ni yaliyooshea mchele, dengu na mboga, mradi hayana sabuni. Mvua zikianza Aprili, hesabu inabadilika hadi Oktoba.

Mwaka 2024 ndio ulionifundisha kuisoma pilipili. Machi serikali ilitangaza kufunga shule kuanzia tarehe 18 kwa sababu ya joto, utabiri ukisema huenda likafika nyuzi 45. Mkahawani watu walikuja kukaa kivulini, si kula. Mimea yangu ilikuwa imepandwa tangu mwaka uliotangulia, mikubwa, majani ya kijani kibichi, hakuna mdudu wala ugonjwa, na kila asubuhi chini ya madumu nilikuta maua yamedondoka, kila moja na kikonyo chake cha manjano. Jirani wa upande wa barabara alikuwa na hali ileile, akanunua dawa akapuliza, akanunua nyingine akapuliza. Lakini pilipili ikipita nyuzi 35 hivi mchana, na usiku usipopoa, chavua inakufa na mti wenyewe unaangusha maua. Hauumwi. Umefunga duka kwa sababu biashara haipo. Ukiupulizia sumu unaua nyuki tu, ambao utawahitaji mvua zikirudi. Aprili ilipotia mvua ya kwanza na usiku ukapoa, maua yakashika bila msaada wa mtu.

Katika madumu yote lilikuwapo moja, nyuma ya bafu, ambalo lilishika matunda machache katikati ya moto ule. Matunda yenyewe yalikuwa madogo, yamejipinda, mama yangu asingeyatia kwenye achari ya wageni. Mbegu za mwaka uliofuata nilizichukua humo. Wakulima wengi, na mama yangu ni mmoja wao, huchagua tunda kubwa na zuri. Mimi nimekuwa mtu wa kuchagua mti. Tunda zuri kwenye mti uliokuwa umebembelezwa kivulini halinambii lolote kuhusu Machi ijayo. Tunda baya kwenye mti ulioshinda Machi linanambia mengi.

Haboba hakuwa na habari na haya yote. Yeye ana pilipili kichaa, zile ndogo zinazoelekeza ncha juu, na sijawahi kumwona akisia mbegu hata moja. Mwanzoni nilikuwa na mche wangu wa kichaa kando ya uzio, na kuku wake walivuka wakauchukua wote, tunda baada ya tunda, bila hata kupangusa mdomo. Nilimwendea kulalamika. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniongoza kwenye waya wa uzio wake, chini ya mahali shore wanapopenda kutua jioni, akanionyesha miche imejipanga kama imepimwa kwa kamba. Ndege hula, ndege hutua, ndege hupanda. Yeye kazi yake ni kungoja ifike urefu wa kiganja aing'oe na kuihamisha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wanasayansi wamelitazama jambo hili kwa karibu. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya utafiti wao kuhusu pilipili mwitu za Arizona: wanyama wenye meno huziepuka, na wakila huzisaga mbegu zikafa, ilhali ndege humeza na kuzitoa nzima. Ukali ni mlinzi wa mlango anayejua nani wa kumzuia. Ndege hana kipokezi kinachoitikia ukali huo kama chetu, kile alichokitambua David Julius mwaka 1997 na kikamfikisha kwenye Nobeli ya 2021. Ukali wenyewe hautengenezwi ndani ya mbegu, kama wapishi wengi tunavyoamini, bali kwenye utando mweupe unaoshika mbegu. Wateja wangu wanaoniambia niwatolee mbegu ili isiwake huwa natoa utando, nawaacha na imani yao.

Nilipompelekea Haboba pilipili mbuzi yangu ya kwanza, aliiuma, akatafuna, akatazama mbali. “Biniya, shata taki de ma har,” akasema: binti, hii pilipili yako haina ukali. Nilijua ina ukali wa kumtoa mtu machozi, lakini hapo si pa kubishana. Wiki hiyohiyo akatuma mjukuu wake kuomba miche miwili. Nikampa. Akaomba mingine kwa ajili ya binti yake wa mtaa wa Gudele, nikampa. Fundi cherehani wa kona naye akataka, na yule kijana wa kuchaji simu. Pilipili haiulizi bei kwa jirani. Ukifanya hivyo mtaani kwetu utapewa jina usilolipenda.

Hayo ya miche yalikuwa miaka ya mwanzo, kabla ya joto la 2024. Julai 2016 ilipofika, mapigano yalianza ikulu tarehe 8, siku moja kabla ya Siku ya Uhuru, yakaendelea hadi tarehe 11. Sitaki kuyasimulia hapa. Walioyapitia wanayajua, na wasioyapitia hayawasaidii. Baada ya kimya kurudi, niliondoka kwa barabara ya Nimule, wakati ambapo jeshi la Uganda lilikuwa limeleta msafara kuwachukua raia wake na wengine tukajishika nyuma. Sikuchukua mbegu. Unachukua hati, simu na pesa. Haboba hakwenda popote. Alisema amekimbia mara za kutosha katika maisha yake, na safari hii vita vikimtaka vitamkuta kwake.

Nilirudi mwaka uliofuata. Nyumba ilikuwapo, mlango haukuwapo. Madumu yote yalikuwa yamekwenda, na sikushangaa, kwa kuwa dumu ni mali Juba, ukilichomelea chini linabeba maji. Udongo wake ulikuwa umemwagwa uani katika vichuguu vidogo, umekauka. Nilikwenda nyuma ya ua kumjulia hali Haboba. Tuliketi, tukaulizana walio hai na walioondoka. Mkwewe alikuwa Bidibidi, kambi iliyofunguliwa Yumbe, Uganda, mwezi mmoja tu baada ya mapigano. Kando ya jiko lake, ardhini, si kwenye dumu, ilisimama miti miwili ya pilipili mbuzi inayonifika kifuani, imejaa. Nilipoitazama alisema kwamba bado haina ukali, lakini mkwe wake aliondoka na mbegu zake kwenye kitambaa, ina maana wapo wanaoipenda.

Tangu siku hiyo nimeacha kufikiria mbegu kama kitu cha kuhifadhi. Nazihifadhi, ndiyo: tunda lililoiva kabisa mpaka limeanza kulegea, mbegu zikaushwe kivulini juu ya sahani mpaka ukizipinda zivunjike badala ya kukunjika, kisha chupa yenye majivu makavu chini, kifuniko, jina na mwaka. Kwa njia hiyo zinakaa miaka miwili au mitatu, baridi ikiwapo hata zaidi. Lakini chupa ni kitu kimoja, katika nyumba moja, na nyumba moja inaweza kuondokewa na mlango. Mbegu iliyo kwa Haboba, kwa fundi cherehani, Gudele na Yumbe ina nyumba nyingi.

Mteja wangu mmoja ana dada anayeishi Omaha, jimbo la Nebraska, mji wenye Wasudan Kusini wengi. Alipokwenda kumwona aliniletea paketi ya mbegu za pilipili ambayo Wamarekani huiita pilipili ya samaki. Majani yake yana mabaka meupe na kijani. Tunda changa ni jeupe lenye mistari, baadaye rangi ya chungwa, mwisho jekundu. Wapishi Weusi wa pwani ya Chesapeake, upande wa Baltimore, waliitia kwenye michuzi myeupe ya samaki na kaa, ikatia ukali bila kuharibu rangi. Baadaye ikapotea karibu kabisa. Iliyotufikia inatokana na Horace Pippin, mchoraji Mweusi wa West Chester, Pennsylvania, aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na mkono wa kulia uliovunjwa na risasi Ufaransa. Maumivu hayakumwacha, na aliamini kwamba kuumwa na nyuki kunayapunguza. Palikuwa na mfuga nyuki, H. Ralph Weaver, ambaye pia alikusanya mbegu. Pippin akawa anampelekea mbegu, Weaver anampa nyuki. Pippin alifariki 1946, Weaver naye 1956, na miaka mingi baadaye mjukuu wa Weaver, William Woys Weaver, alizikuta mbegu chini kabisa ya friza ya bibi yake. Mwaka 1995 zikaingia katika mtandao wa watunza mbegu wa Seed Savers Exchange, wa jimbo la Iowa, zikaanza kugawiwa tena.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kinachonivuta si friza, ingawa ndiyo watu huipenda kuisimulia. Ni ile biashara ya nyuki. Mtu mwenye maumivu alitoa alichokuwa nacho kwa jirani mwenye kitu alichohitaji, na hakuna kati yao aliyekuwa akiokoa urithi wa mtu yeyote.

Kwetu Kenya, biashara kama hiyo kwa miaka kadhaa ilikuwa kosa. Sheria ya mbegu ilivyorekebishwa 2012 ilimweka mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kwenye hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima 15 walikwenda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Nilimpigia mama kumweleza. Aliuliza: kwani ilikuwa kosa?

Pilipili ya samaki imeniletea kazi mpya. Hii na zile ndefu za sokoni ni ukoo mmoja, zinachanganyika kwa urahisi. Mbuzi ni ukoo mwingine, ila nao nyuki akiamua haukatai. Pilipili hujichavusha yenyewe, na tunda la mwaka huu halibadiliki hata nyuki akileta chavua ya jirani. Kinachobadilika ni mbegu iliyo ndani, utaiona mwakani. Kwa hiyo tawi la mbegu lazima lifunikwe kabla maua hayajafunguka. Hapo ndipo fundi cherehani alipoingia. Kwa kuwa harusi za jumba la utamaduni haziishi, mabaki ya shela za maharusi kwake hayaishi pia, na neti ile nyepesi hewa inapita, nyuki hapiti. Ananishonea vifuko vyenye kamba mdomoni. Navisha tawi, nalitikisa kila asubuhi ili chavua ianguke, matunda yakishika navua kifuko na kufunga uzi mwekundu kuonyesha ni ya mbegu, mkono wa mpishi usiguse. Mgeni akiingia uani mwezi wa Juni anakuta pilipili zimevaa shela na anauliza nani anaoa.

Haboba nilimpelekea miche ya samaki kama ninavyompelekea kila kitu. Siku ya pili nilikuta ameing'oa. Majani yale meupe, akasema, ni ugonjwa, na hataki uambukize pilipili mbuzi zake. Nilimweleza ndivyo yalivyozaliwa. Alinijibu kwamba hata ukoma mtu anaweza kuzaliwa karibu nao. Ukweli ana hoja kidogo, maana sehemu nyeupe haina kijani cha kutengeneza chakula na jua la Machi linaichoma, mmea huu utataka kivuli daima. Mwaka huu nimeipeleka kwa fundi cherehani, ambaye ameiweka dirishani karibu na mashine, na ameanza kuniuliza kama ipo inayotoa jani jeupe lote, atafutie kitambaa kinacholingana.